Filme ya batoto: ile namba ya -12 na 16+ inapimaka nini? Bazazi wa Goma tusaidiane

#1 Mama Neema (Himbi)
Jambo bazazi wenzangu. Niko na batoto batatu, mukubwa ana 14, wa kati 9, wa mwisho 5. Vakansi ikifika ni tele asubuhi mpaka jioni, na filme zinaingia mu nyumba kila upande, dekodere, telefone ya baba yao, flashi yenye bananunuaka Birere. Siku ya posho ilipita ule mukubwa aliweka filme bameandika 16+ pale kwenye kona, nikataka kuzima akasema mama kaa uangalie na weye. Nikakaa. Ni ya vita, watu banakufa ndiyo, lakini hakuna fasi hata moja ya kunifanya nishike rimoti. Kesho yake bakaweka katuni haina namba yoyote, rangi nzuri, nyimbo nzuri, na ule wa 5 hakulala, alikuwa anasema ule bibi mwenye uso unageuka eko nyuma ya pazia. Sasa nauliza, ile namba inapimaka nini? Nani anaiwekaka? Kwangu naona ni kitu ya kudanganya bazazi tu, kazi yote inabaki ya mama. Benzangu munafanyaka je?

#2 Profe Katindo
Mama Neema, asante kwa swali. Namba haidanganyi, ila si namba moja. Kila nchi ina yake na sisi huku tunazipokea zote zimechanganyika. Kwenye dekodere chaneli nyingi ni za Ufaransa, kwa hiyo ukiona kiduara cheupe chenye -10, -12, -16 ama -18 hiyo ni ya Kifaransa, inasimamiwa na Arcom, mamlaka ya kule ya redio na tele, zamani ilikuwa CSA mpaka mwisho wa 2021. Kule -16 haiwezi kuonyeshwa kabla ya saa 4 na nusu usiku. Wamarekani wana zao tangu 1968: G ni ya wote, PG mzazi awe karibu, PG-13 uangalifu kwa walio chini ya 13, R chini ya 17 aingie na mtu mzima, NC-17 haingii kabisa. Ile 16+ uliyoiona mara nyingi ni ya Netflix, wao wana 7+, 13+, 16+, 18+. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namba inapima nini, uliza kwanza ni ya nani.

#3 Bahati Flashi
Mama Neema heshima. Mi njo ule wa Birere mwenye kuweka filme ku flashi, basi nijibu juu naona nimeisha kuguswa hahaha. Mukubwa Profe anasema vizuri lakini kwangu namba haifikaka. Filme inanifikia ku haridiski tayari, jina limekatwa, bango haliko, hata yale maandishi ya mwisho bamekata juu ya kupunguza uzito. Mteja akikuja hasemaki nipe PG, anasema nipe ya ngumi, nipe ya Nigeria, nipe ya mapenzi, nipe ya batoto. Na dosie ya batoto munajua iko na nini? Iko na kila kitu kimechorwa. Yote. Za Wamarekani, za Wajapani, zile za wanyama zinasema, na zile za Wajapani zenye damu inaruka na mabinti hawajavaa, juu ku kompyuta jina ni moja, katuni. Mama anasema nijazie giga 8 ya batoto, naburuta dosie nzima, anaenda. Sisemi ni vizuri, nasema njo vile inafanyikaka kila fasi, si kwangu tu.

#4 Mama Neema (Himbi)
@Bahati weee!! Kumbe njo vile. Na weye uko na batoto?

#5 Bahati Flashi
Niko na moja, ana mwaka na nusu. Yeye bado ni maziwa tu.

#6 Papa Dieume (Lushi, Katuba)
Salamu toka Lubumbashi. Bulongo mumefungua hii neno. Miye nasema tatizo ya kwetu si picha, ni sauti. Batoto banaangalia filme yenye imetafsiriwa, ule DJ anasema juu ya picha. Ile filme kule Marekani pengine walipima wakaona inafaa miaka 13, sawa, lakini walipima ile ya Kiingereza. Huyu wa kutafsiri anatia matusi yake, anatia mizaha ya kitanda, muntu mu filme anasema tu "twende" yeye anamusemea bintu vya aibu dakika nzima ju watu bacheke. Sasa ile namba inabaki ya nini? Haipo tena. Ni filme nyingine. Siku moja nilikuwa nyumbani batoto ku salo, miye mu chumba nasikia sauti tu, nikatoka mbio nikifikiria bameweka kitu mbaya, kumbe ku tele ni watu wawili banakunywa chai.

#7 Kaka wa Nairobi
Papa Dieume umesema kitu kikubwa. Mimi mtu wa Goma, nakaa Nairobi siku nyingi. Kabla sijasahau, marekebisho kidogo kwa Profe: hiyo ya -16 kuanza saa 4 na nusu ni kwa chaneli za kawaida, zile chaneli za sinema za kulipia zinaruhusiwa kuanzia saa 2 na nusu usiku. Ndio maana ku dekodere ya hapo unaweza kukuta -16 mapema watoto bado wako macho. Na -18 ni usiku wa manane mpaka saa 11 alfajiri na lazima iwe na kode.

Huku Kenya bodi ya filamu, KFCB, inaweka GE kwa wote, halafu PG, 16, 18. Lakini wenye nilipenda ni Afrika Kusini, wao wanaweka namba NA herufi. V ni ukatili, S mambo ya ngono, L lugha chafu, D madawa, H ya kutisha, N uchi, P ubaguzi. Ukiona 13 V unajua ni ngumi, ukiona 13 L unajua ni matusi. Mama akiwa na mtoto mwenye kuogopa sana anakimbia H, mwenye mtoto wa kurudia kila neno anakimbia L. Namba peke yake ni umri wa mtoto wa mtu mwingine.

#8 Profe Katindo
@Kaka wa Nairobi asante, ni kweli, chaneli za sinema zina saa zao.

#9 Dada Saiko (Bukavu)
Nimesoma yote. Nilisoma saikolojia na nafanya kazi na batoto hapa Bukavu, wacha nijibu ile ya bibi mwenye uso unageuka juu hakuna mwenye alijibu, mumeenda moja kwa moja ku namba.

Mutoto wa 5 na mutoto wa 10 hawaogopi kitu kimoja. Mudogo anaogopa kile anaona: uso mbaya, sauti kubwa ya gafla, mutu mwenye anageuka kuwa kitu kingine. Kuna mtafiti Mumarekani, Joanne Cantor, alifanya kazi miaka mingi juu ya batoto na woga wa tele, aliona batoto badogo banaogopa sana ile dakika mutu anageuka jitu la kijani mu ile serie ya Hulk ya zamani, hata kama ule jitu njo mwenye kusaidia. Batoto bakubwa hawakuogopa pale, bao banaogopa kitu chenye kinaweza kutokea kweli: kutekwa, ajali, mama kufa, vita. Kwa hiyo Mama Neema, 14 wako aliangalia vita akanyamaza, haimaanishi haikumugusa. Na 5 wako kumwambia "ile ni filme tu, si kweli" haisaidii sana, bado hawezi kutenganisha vizuri mpaka karibu miaka 7 au 8. Kinasaidia ni kuzima, kumushika, kumupa kitu ya kukula ao kuchora. Ule wa 9 njo unaweza kumuelezea kwa maneno.

Kwa batoto badogo kabisa kama ule wa Bahati, OMS (shirika la afya duniani) ilisema 2019 chini ya miaka 2 hapana skrini, 2 mpaka 4 isizidi saa moja ku siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

#10 Bahati Flashi
Dada umenifikia. Kwangu skrini njo mashini ya kumunyamazisha mutoto mama yake akipika 🙈

#11 Katekista Keshero
Amani kwenu. Mimi niongeze kitu ambacho watu wanaogopa kusema. Kila Pasaka parokia na makanisa mengi yanaweka filme ya mateso ya Yesu, projekta ku ukuta, watoto wanakaa mbele kabisa chini, watu wazima nyuma ku viti. Ile The Passion of the Christ ya 2004, Marekani waliipa R, Uingereza waliipa 18. KUMI NA NANE. Juu ya ile sehemu ya kupigwa mijeledi, ni ndefu, nyama inachanika. Nimekaa pembeni nikiangalia watoto na si ukuta, na nimeona kasichana kamefunika uso na gauni lake lote. Watu wazima wanalia kwa imani, yeye analia kwa kuogopa, na anafikiri kuogopa ni zambi juu ni Yesu. Nilimuomba padri tuweke watoto kando wapate hadisi ya Pasaka kwa picha za kuchora, bengine bakasema napunguza Injili.

#12 Papa Dieume (Lushi, Katuba)
Katekista pole lakini hapa sikubali. Mutoto ajue Yesu aliteseka kweli. Sisi tulisikia ile hadisi tangu badogo na tuliona njia ya musalaba ku ukuta ya kanisa kila siku ya Mungu.

#13 Katekista Keshero
Papa, ukutani picha haisogei na haina sauti. Unaangalia ukichoka unageuza macho. Projekta inakushika. Mimi sikatai mateso, nakataa umri.

#14 Mama Bintu (Ndosho)
Hapa Goma munasahau kitu. Batoto bayetu si batoto ba Ufaransa. Wangu ana 11 sasa, tarehe 22 mei 2021 volkano ilipotoka alikuwa mudogo sana, tulikimbia usiku na yeye ku mugongo, mbingu nyekundu. Mwaka huu jirani aliweka filme ya majengo yanaanguka na moto unatoka mu udongo, kitu ya kawaida ya Wamarekani, bengine banacheka, wangu akaamka akaenda kutafuta viatu. Hakulia. Alivaa viatu akakaa ku mulango. Sijui kama anakumbuka ao anakumbuka sisi tulivyosimulia. Sasa niambieni bodi gani ya London ao Paris itaweka herufi ya ile. Na batoto benye bametoka kambini, benye baliona masasi, unamuwekea filme ya vita 13+ unasema inamufaa juu ana 13?

#15 Dada Saiko (Bukavu)
Mama Bintu 😢 pole. Kile alifanya, kuvaa viatu, ni mwili wake unajitayarisha. Ulifanya je siku ile?

#16 Mama Bintu (Ndosho)
Nilivaa vyangu nikakaa na yeye pale ku mulango mpaka akasikia usingizi.

#17 Dada Saiko (Bukavu)
Sina cha kuongeza.

#18 Profe Katindo
Mama Bintu amenifanya nifikirie upya niliyoandika hapo juu. Hata hivyo namba zina kazi. Ila mjue zinapima maadili ya nchi yao pia. Wamarekani wanakaza sana kwa neno chafu na mwili uchi, kwa bunduki wanalegeza. Mfano unaojulikana ni The King's Speech, filme ya mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi, hakuna damu hapo, anafundishwa tu kusema, lakini kuna sehemu mwalimu anamwambia atukane ili ulimi ufunguke, na juu ya matusi hayo Marekani waliipa R. Waingereza wenyewe waliipa 15 kwanza kisha wakashusha kuwa 12A. Filme moja, mtoto wa 13 London anaingia peke yake, wa New York anahitaji mzazi. Na ile PG-13 yenyewe haikuwepo mwanzo, iliingia 1984 baada ya wazazi kulalamika juu ya filme za PG zilizotisha watoto, kama Gremlins na ile Indiana Jones ya mwaka huo.

Mimi kama mzazi wa hapa, mtoto wangu akisikia tusi la Kiingereza halimwambii kitu. Akiona mtu anatolewa roho kwa panga, hiyo anaielewa vizuri sana. Kwa hiyo kipimo chetu kingekuwa kinyume cha Marekani, ndivyo ninavyoona.

#19 Papa Dieume (Lushi, Katuba)
Profe hapo sikufuati. Damu mutoto anaogopa, akiogopa anakimbia mwenyewe. Bintu vya kitanda hakimbii, anakaribia. Miye nakaza pale.

Na tena mambo ya filme kuharibu vijana si ya leo. Bazee betu banasimulia Kinshasa ya wakati wa Babeleji, vijana baliangalia filme za cowboy bakajiita Bills, bakavaa kofia na skafu, bakagawanya kartie bakapigana. Hapo hakukuwa hata tele mu nyumba.

#20 Profe Katindo
Ni kweli, miaka ya 1950, jina lilitoka kwa Buffalo Bill, na walikuwa na lugha yao, Hindubill. Lakini Papa Dieume tusiseme filme peke yake iliwatengeneza. Ilikuwa mji unaojaa vijana bila kazi, bila nafasi shuleni, na mkoloni juu yao. Kofia ilitoka kwenye filme, hasira ilitoka nyumbani. Kuna majaribio ya Bandura kule Stanford mwaka 1961, watoto walioona mtu mzima akipiga mdoli mkubwa wa plastiki wakaigiza vilevile, na 1963 akarudia kwa filme, wakaiga pia. Sawa, wanaiga. Lakini kumpiga mdoli chumbani dakika chache baada ya kuona, na kuwa mhuni wa mtaa, ni vitu viwili.

#21 Kaka wa Nairobi
Kuiga kupo bwana. 2021 Squid Game ilipotoka, shule moja ya Ubelgiji iliandikia wazazi kwamba watoto wanacheza ule mchezo wa "moja mbili tatu jua" na anayeshindwa anapigwa. Hao ni watoto wa shule ya msingi na ile serie si ya watoto kabisa. Mtoto pengine hakuiona hata, aliona vipande vya TikTok. Hapo ndio namba inashindwa kabisa, kipande cha sekunde 30 hakina namba.

#22 kijana_wa_kazi_16
Salamu bakubwa. Mimi niko na 16, nimesoma page yote mama alinionyesha. Naomba kusema. Bazazi munafanyaka hivi: filme ikifika pale banabusiana midomo munasema "badilisha badilisha", papa anakohoa, mama anaita mutu alete maji. Kisha hakuna mwenye anasema kitu. Mutu akikatwa kichwa hakuna mwenye anakohoa. Sasa sisi tunajifunza nini, kwamba kupendana njo kitu mbaya kuliko kuua? Na mukizima tunaenda kuiangalia kwa rafiki, ile filme nzima, na kule hakuna wa kuuliza. Mi napenda papa angekaa tu aniulize unaona je huyu kijana, alifanya vizuri kumudanganya ule binti? Hajaniuliza hata siku moja.

#23 Mama Neema (Himbi)
Eh. Mwanangu asante kwa kusema. Na mama yako nampa salamu.

#24 Papa Dieume (Lushi, Katuba)
Kijana umesema na heshima, naipokea. Lakini papa kukohoa njo namna yake ya kukwambia. Wewe ulielewa au hukuelewa? Ulielewa.

#25 kijana_wa_kazi_16
Papa nilielewa kwamba ana aibu. Sikuelewa anafikiria nini.

#26 Dada Saiko (Bukavu)
Huyu kijana aje anisaidie kazini. Kwa batoto ba 13 kwenda juu, kazi ya muzazi si kuzima tena, ni kukaa na kuuliza. Swali moja tu mu katikati ya filme, si hotuba. "Ungekuwa weye?" Inatosha.

#27 Modest_Virunga
Habari zenu, mimi nasoma tu siku zote, leo niandike kitu ya kazi. Mbele ya kuwekea batoto filme, andika jina la filme ku gugo, tafuta ukurasa wake ku IMDb, site ya habari za filme, shuka chini kuna sehemu inaitwa Parents Guide. Watu benye baliona filme banaandika humo, imegawanywa: ngono na uchi, ukatili na damu, matusi, pombe na madawa, na sehemu za kutisha. Kila moja banaipa kipimo, hakuna, kidogo, wastani, kali, na chini banaeleza sehemu kwa sehemu, mutu fulani anafanya hivi, inaonekana ao haionekani. Ni maandishi tu haikuli mega. Ni Kiingereza lakini telefone inatafsiri kwa Kifaransa. Iko tena Common Sense Media, ni shirika la Marekani tangu 2003, bao banaandika umri na sababu zake, na banasema hata kama filme iko na kitu kizuri cha kufundisha. Kids-in-Mind banatoa namba tatu, kutoka 0 mpaka 10, ya ngono, ya ukatili, ya matusi. Mi naangaliaka hii ya namba tatu haraka haraka nikiwa mu foleni ya maji.

Angalizo: benye kuandika ni watu ba Ulaya na Marekani, kwa hiyo mambo ya uchawi ao mizimu yenye kutufanya hapa tushindwe kulala bao banasema "kidogo".

#28 Mama Neema (Himbi)
@Modest hii njo nilikuwa natafuta!! Nimejaribu na ile filme ya vita, bameandika ukatili kali, matusi kali, ngono hakuna. Basi njo maana ile 16+. Sasa naelewa juu ya nini sikuona aibu. Na ile katuni sehemu za kutisha bameandika wastani, na banataja ule bibi wa uso.

Lakini za Nigeria na za kwetu hazimo sana.

#29 Kaka wa Nairobi
Za Nigeria zina bodi yao, NFVCB, zinawekwa G, PG, 12, 15, 18, ila zikipitia flashi zinapotea kama zingine. Za Tanzania kuna Bodi ya Filamu. Na kwetu Congo je? Mtu anajua?

#30 Profe Katindo
Kuna Komisheni ya taifa ya udhibiti (censure) wa nyimbo na maonyesho, Kinshasa. Watu wengi waliisikia novemba 2021 ilipozuia nyimbo. Kuna CSAC kwa redio na tele, sheria yake ni ya 2011. Na kuna sheria ya ulinzi wa mtoto, 09/001 ya tarehe 10 januari 2009, inayosema mtoto ni mtu yeyote chini ya miaka 18 na inaadhibu kumuonyesha mtoto picha za ngono. Kwa hiyo Bahati, ile dosie yako ya katuni mzee, angalia vizuri ndani.

#31 Bahati Flashi
Mukubwa umenitisha usiku huu. Nimeisha kufungua kompyuta. Naanza kuzitoa zile za Wajapani, nitaziweka kando dosie ya bakubwa. Lakini niko na swali kwenu, nikitaka kuweka dosie mbili, moja ya chini ya 7, moja ya 7 mpaka 12, niweke nini mu ya kwanza? Mutaje majina, mi sina muda ya kuangalia zote.

#32 Modest_Virunga
The Lion King, ile ya 1994. G. Hakuna shida.

#33 Mama Bintu (Ndosho)
Kwangu hapana. Nalea mutoto wa dada yangu, ana 6, alipoteza baba. Ile sehemu simba mudogo anasukuma baba yake aamuke, alizima tele mwenyewe na akakataa kula. Usiweke mu ya chini ya 7.

#34 Modest_Virunga
Pole sana mama. Lakini ni G kabisa, na batoto bengi banaipenda, wangu anaimba ile wimbo kutwa. Tukitoa kila filme yenye muzazi anakufa dosie itabaki tupu, zile katuni nyingi za Disney mama ao baba hayuko.

#35 Katekista Keshero
Iwekwe lakini Bahati amwambie mnunuzi. Neno moja tu, "kuna baba anakufa humu". Mwenye mtoto anajua.

#36 Papa Dieume (Lushi, Katuba)
Bahati na mistari ya wateja siku ya posho atasimama kuelezea kila katuni? Hapana. Aandike ku jina la fail. "simba_baba anakufa".

#37 Bahati Flashi
Hahaha Papa Dieume hiyo naweza. Jina refu lakini naweza. Nani mwingine ana onyo la kuandika? Mutume, nitapiga majina upya mpaka siku ya tatu.

#38 Koko wa Majengo
Bajukuu zangu habari. Mimi niko mukubwa, sijui mambo ya IMDb. Niko na wajukuu bane, kwangu hakuna tele, banaenda kwa jirani na banaenda mu ile sine ya kartie, chumba kimoja giza, banalipa franga kidogo, bakirudi hawasemi bameona nini. Nikikataza banaenda kwa kujificha. Jirani ni mutu mwema, sitaki kumugombesha juu ya tele yake. Nifanye je?

#39 Mama Neema (Himbi)
Koko shikamoo. Kwa jirani zungumuza na mama wa nyumba, si na bwana, umuombe tu akuambie banaangalia nini. Ukipeleka kandizi kidogo siku hiyo itaenda vizuri.

#40 Profe Katindo
Koko mimi ningeanza na ile sine. Mwenye chumba anajulikana, chef wa avenue anajulikana. Watoto wadogo kuingia saa za usiku ni jambo la kupeleka kwa chef, hata bila kutaja sheria.

#41 Dada Saiko (Bukavu)
Profe bakifunga ile moja bataenda ya mbali zaidi. Koko, waulize bakusimulie filme mwanzo mpaka mwisho kama hadisi, jioni, ukiwa unachambua maharagi. Batoto banapenda kusimulia. Fasi yenye banaruka, pale njo uulize.

#42 Koko wa Majengo
Nimesikia yote matatu. Ule mudogo anapenda kusimulia, ule mukubwa anafunga mudomo. Nitaanza na mudogo.

#43 Mama Neema (Himbi)
Na mi niulize ya mwisho kwa leo, ile kode ya dekodere banaiweka wapi? Yangu nimepekua menyu yote.

#44 Kaka wa Nairobi
Ingia menyu, tafuta mipangilio, halafu "contrôle parental". Itakuuliza kode ya zamani, iko kwenye kitabu kilichokuja na dekodere. Ukishaingia chagua umri, -12 ama -16, na ubadilishe kode hapo hapo. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, ndio wa kwanza wanajaribu.

#45 kijana_wa_kazi_16
Wala wa mama.